Keuhkopöhö na keuhkokuume: mwenye kujua Kifini anisaidie, haya maneno yametokana na nini?

mgumu_wa_Machame:

Wadau habari za jioni, niko Moshi hapa nimeshuka juzi, magoti bado yanauma ila kuna swali limenikaa kichwani haliniachi kwaiyo naomba msaada, hasa kama humu yupo mtu anayejua Kifini.

Iko hivi. Mi nafanya kazi mlima Kilimanjaro huu mwaka wa tisa, nilianza kama mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mizigo, nikaingia jikoni, saa hizi ni muongozaji msaidizi. Tripu iliyopita tulikuwa na wageni saba kutoka Ufini, tumepita njia ya Machame, siku saba, watu wazuri sana hawana makelele. Mmoja wao, baba mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, tangu kambi ya Barranco alikuwa anakohoa kikohozi kikavu, ukimuuliza anasema mafua tu, anatabasamu, anaendelea na safari. Tumefika Barafu jioni, ndo ile kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,600 na kitu, nikampelekea maji ya moto hemani nikamkuta amekaa kitako kakumbatia begi, hawezi kulala chali, akijilaza tu pumzi inakata. Nikaweka oksimita kidoleni, kile kifaa cha kupimia oksijeni ya damu, ikasoma asilimia 61. Nikaitoa, nikamsugua kidole kipate joto maana kidole cha baridi kinadanganya, nikairudisha, 61 ileile. Nikaweka sikio mgongoni kwake nikasikia kitu kama uji unapoanza kuchemka, yale mapovu madogo madogo ya mwanzo. Aisee nilinyanyuka mbio.

Kwenye kundi lao alikuwepo mama mmoja daktari. Alikuja akamsikiliza, wakabishana kidogo na mwenzake, yule mwenzake anasema keuhkokuume, mama anatikisa kichwa anasema keuhkopöhö, keuhkopöhö. Halafu akaandika karatasi, juu ameandika Kiingereza kwa ajili ya hospitali na chini Kifini kwa ajili ya familia ya mgonjwa, na mstari wa mwisho ulikuwa hivi (nilipiga picha na simu): "Vuoristotauti. Keuhkopöhö, ei keuhkokuume."

Tulimshusha usiku uleule kwa machela ya gurudumu moja, wagumu sita wanapokezana, mtungi wa oksijeni nimeubeba mimi, na kadri tunavyoshuka ndo unaona midomo inaacha ubluu. Yuko salama, ameshapanda ndege kwao.

Sasa hayo maneno. Nimeyatia kwenye apu ya kutafsiri, moja limekuja "homa ya mapafu", lingine limekuja kitu hakieleweki kabisa. Mbona yote mawili yanaanza na keuhko? Pöhö ni nini? Na yule mama kwa nini alikazania vile kuyatenganisha? Nataka kujua neno limetengenezwaje, sehemu kwa sehemu, tafsiri ya jumla haitoshi.

kiborloni_kwetu:

Pole na kazi kaka, hongera kwa kumfikisha mtu chini mzima. Mi Kifini sikijui ila miaka ya nyuma nilikuwa na mgeni wa hukohuko, kufika ule ukuta wa Barranco akagoma akasema ana korkeanpaikankammo, nikaliandika kwenye daftari kwa sababu lilikuwa refu kama treni. Mi nilichukulia hilo ndo ugonjwa wa mlimani kwa lugha yao. Na hiyo keuhko nahisi itakuwa kikohozi, ukiitamka si inasikika kama mtu anakohoa?

binti_Kibosho:

Jamani leo nimefurahi kuliko mnavyodhani, sijawahi kukutana na mtu wa nyumbani anayeuliza kitu cha namna hii. Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, nimekaa Tampere, mji wa huku Ufini, miaka kumi na moja, nafanya kazi ya lähihoitaja, ndo yule mhudumu wa wagonjwa na wazee, na neno lenyewe ni lähi yaani karibu na hoitaja yaani mtunzaji, mtunzaji wa karibu. Kwaiyo ngoja nianze na wewe kaka wa Kiborloni halafu nirudi kwa mwenye swali.

Korkeanpaikankammo kaka yangu si ugonjwa wa mlimani, ni hofu ya mahali pa juu. Ivunje hivi: korkea ni -a juu, paikka ni mahali, kammo ni hofu ile ya kutetemeka. Hizo n zilizoko katikati, korkea-N paika-N, zinafanya kazi ileile ya "ya" na "pa" ya kwetu. Sisi tunasema hofu ya mahali pa juu, wao wanageuza treni, kichwa kinakuja mwisho: juu-mahali-hofu. Mgeni wako alikuwa anaogopa korongo, mapafu yake hayakuwa na tatizo.

Kanuni hiyo ndo inafungua kila kitu. Kwa Kifini kwenye neno la kuunganishwa sehemu ya MWISHO ndo kitu chenyewe, zilizotangulia zinakieleza tu. Sasa tuje kwenye karatasi ya daktari.

Vuoristotauti. Vuori ni mlima. Ukiongeza -sto unapata mkusanyiko wa kitu, kirja ni kitabu na kirjasto ni maktaba, saari ni kisiwa na saaristo ni visiwa vingi pamoja, luu ni mfupa na luusto ni mifupa yote ya mwili. Kwaiyo vuoristo ni milima mingi, safu ya milima. Tauti ni ugonjwa. Ugonjwa wa kwenye milima, basi. Mlima wetu umesimama peke yake hauna safu, ila wao neno ni hilohilo tu hata ukiwa Kibo.

Hiyo tauti nayo ina historia, mwalimu wetu wa lugha alitueleza nikashtuka. Si neno la Kifini asilia, walilichukua zamani sana kwa majirani zao wa lugha za Kijerumani, na kule maana yake ilikuwa KIFO, ni ukoo mmoja na Tod ya Wajerumani na död ya Waswidi. Lilipohamia kwa Wafini likapungua uzito likawa ugonjwa tu. Mpaka leo nikiandika tauti kwenye ripoti ya zamu nakumbuka hilo.

Keuhko ni pafu. Hapo ndo maana yote mawili yameanza sawa.

Kuume ni homa, na limetoka kwenye kuuma ambayo ni -a moto, kitu cha moto. Kwaiyo keuhkokuume ni pafu-homa, yaani HOMA YA MAPAFU neno kwa neno, apu yako hapo haikukosea. Sisi na Wafini tumekutana bila kujuana.

Pöhö sasa. Pöhö ni kuvimba kule kwa kulegea, kwa majimaji. Ukiamka asubuhi umelala vibaya uso umejaa macho yamekuwa madogo, Wafini wanasema umepöhöttyä. Wazee ninaowahudumia miguu inajaa jioni, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, ile ndo hali yenyewe, ingawa kwa miguu wengi watasema turvotus. Pöhö limebaki zaidi kwa madaktari: keuhkopöhö, pafu lililojaa majimaji, na aivopöhö, ubongo uliovimba, maana aivot ni ubongo. Yote mawili yanaweza kumpata mtu huko mnakofanya kazi.

Na "ei" ni kukanusha. Yule mama aliandika: ugonjwa wa mlimani, mapafu yamejaa maji, SI homa ya mapafu.

mgumu_wa_Machame:

Dada asante, nimesoma mara tatu nikamsomea na mke wangu. Kumbe uji niliousikia mgongoni ndo hiyo pöhö. Kitu kinachonishangaza ni kwamba yule mama ni daktari mkubwa lakini neno alilotumia lina pafu na kuvimba tu, vitu hata mtoto wa darasa la tatu wa kwao anavijua. Kiingereza chake cha pale juu mimi nimeelewa nusu, na hapo nina cheti cha uongozaji. Ni mimi naona vibaya au kwao ugonjwa unaitwa kwa lugha ya nyumbani kabisa? Na kina nani waliyatunga?

binti_Kibosho:

Umeona vizuri kaka. Na hiyo haikuja yenyewe, watu walikaa wakaifanyia kazi.

Ufini ilikuwa chini ya Uswidi mpaka 1809, halafu ikawa chini ya Urusi mpaka wakapata uhuru 1917. Muda wote huo wasomi, maofisa, madaktari, wote Kiswidi. Mkulima anaongea Kifini, daktari anaandika Kiswidi na Kilatini. Sasa akatokea daktari mmoja anaitwa Elias Lönnrot, mtoto wa fundi cherehani wa kijijini, akapelekwa Kajaani mwaka 1833 kuwa daktari wa wilaya, kaskazini huko mbali, wakati wa njaa na magonjwa ya mlipuko. Ndo huyohuyo maarufu kwa kuzunguka vijijini kukusanya nyimbo za zamani za Wafini. Mwaka 1839 alitoa kitabu cha tiba ya nyumbani kwa ajili ya wakulima, kwa Kifini. Maneno mengi yanahesabiwa kuwa yeye ndo kayatunga, kuume ni mojawapo, na laskimo na valtimo, ile mishipa ya damu ya kurudi na ya kwenda. Laskimo kaitoa kwenye laskea, kushusha.

Halafu 1881 wakaanzisha chama cha madaktari kikaitwa Duodecim, kumi na mbili kwa Kilatini, na shabaha yao ilikuwa udaktari uzungumzwe na uandikwe kwa Kifini, 1885 wakaanza na jarida lao. Chama kipo mpaka leo, kazini kwetu kila mtu anafungua kurasa zao.

Matokeo yake nayaona kila siku. Kisukari ni sokeritauti, sukari-ugonjwa. Kichaa cha mbwa ni vesikauhu, vesi ni maji na kauhu ni hofu kuu, kwa sababu mgonjwa anashindwa kumeza maji anayaogopa. Pepopunda ni jäykkäkouristus, kukakamaa kwa misuli. Surua ni tuhkarokko, tuhka ni majivu. Bibi wa miaka tisini ambaye hajamaliza shule unamwambia una verenpaine, damu-mgandamizo, anajua ni nini kinamsumbua. Sijasema kwao kila kitu ni rahisi, barua za hospitali zingine zinanitoa jasho mpaka leo, ila mlango wa neno unafunguka kwa mgonjwa.

mwl_mstaafu_Sakina:

Wanangu hamjambo. Nimefundisha Kiswahili sekondari hapa Arusha miaka thelathini na mbili, nimestaafu, mjukuu wangu ndiye kanionyesha mjadala huu nikaona nisilale kabla sijachangia.

Binti kasema kuume limetoka kwenye kuuma, yaani moto. Basi na homa yetu ni vilevile. Homa tumeipokea kutoka Kiarabu, humma, na mzizi wake ni wa joto, ndiko pia ilikotoka hammam, bafu la maji ya moto. Kwa hiyo mtu akisema homa ya mapafu na Mfini akisema keuhkokuume wote wawili, ukichimba mpaka chini, wanasema moto wa mapafu. Na mgonjwa wa kijijini anasema ana kichomi, kutoka kuchoma. Mara tatu, joto na mchomo.

La pili ni sauti. Nimetazama hilo keuhkopöhö nikaona lina o na ö ndani ya neno moja. Nijuavyo mimi, Kifini hakichanganyi hizo. Neno moja la asili likiwa na a, o, u halipokei ä, ö, y, na kinyume chake, ila e na i zinakaa popote. Sasa humo zimechanganyika, maana yake hapo katikati pana mshono. Keuhko upande huu, pöhö upande ule. Mfini hahitaji kuambiwa wapi pa kukata, sikio linamwambia. Hata sisi irabu zetu zinapatana kwa namna yake, soma inazaa somea lakini pika inazaa pikia, hakuna anayesema somia wala pikea, na mtoto wa miaka mitatu anaipatia bila kufundishwa.

Nimefurahi pia kuona habari ya hicho chama cha 1881. Sisi BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, imeanzishwa 1967 na kazi ya istilahi imefanyika, mtu asiwadanganye kwamba haikufanyika. Lakini istilahi nyingi zimebaki vitabuni, hazikushuka mpaka kwa mtu anayemshika mgonjwa mkono. Huko ndiko ninakoona pengo, na hili swali la kijana wa Machame limetokea hapohapo kwenye pengo.

mgumu_wa_Machame:

Shikamoo mwalimu. Asante sana, hiyo ya mshono nimeijaribu kwenye vuoristotauti, haina ö wala ä kwaiyo mshono hauonekani, ni sawa?

mwl_mstaafu_Sakina:

Marahaba mwanangu. Ni sawa kabisa, irabu zote humo ni za kundi moja pamoja na i ambayo haina upande. Hapo lazima uyajue maneno yenyewe. Umesoma vizuri.

nesi_Majengo:

Naomba niingilie kama muuguzi, niko Moshi na wagonjwa wa mlimani tunawapokea. Mjadala ni mzuri ila kuna sehemu inaweza kuua mtu kwaiyo nitaisema wazi.

Kutenganisha haya mawili si ushabiki wa lugha. Homa ya mapafu inaletwa na vijidudu. Haya maji ya mlimani hayaletwi na kijidudu chochote, ni kwamba hewa ikiwa na oksijeni kidogo mishipa ya damu ndani ya mapafu inajibana, msukumo unapanda, maji ya damu yanachuja kupitia kuta nyembamba yanaingia kwenye vile vifuko vya hewa. Mtu anazama kwa ndani. Tatizo ni kwamba dalili zinafanana, kikohozi, kukosa pumzi, na huyu wa mlimani naye anaweza kuwa na joto kidogo la mwili. Sasa muongozaji akiamini ni homa ya mapafu atasema ngoja tumpe dawa ya vijidudu apumzike, kesho tutaona. Kesho inaweza isiwepo. Dawa ya kwanza ya haya maji ni KUSHUSHA mtu, usiku huohuo, pamoja na oksijeni. Yule mama daktari aliandika "ei" kwa sababu hiyo, kaka, ili atakayempokea asianze kwenye njia isiyo.

Sasa kwenye neno la Kiswahili. Naona watu watataka kusema "uvimbe wa mapafu" kwa kufuata Kifini. Msifanye hivyo. Mgonjwa wa Tanzania ukimwambia uvimbe anasikia saratani, nimeshuhudia mama mmoja analia korido nzima kwa neno hilo na wala hakuwa na saratani. Sisi wodini tunasema mapafu yamejaa maji. Na hapo pia lazima uongeze kidogo, maana kuna mgonjwa aliniuliza kama ni kwa sababu anakunywa maji mengi. Nikamwambia hapana baba, ni maji ya kwenye damu yako yamevuja. Akaelewa palepale.

kiborloni_kwetu:

Dada nesi hapo kwenye maji umenigusa. Wageni tunawaambia kila siku kunywa maji lita tatu lita nne, sasa mtu akisikia mapafu yamejaa maji si ataacha kunywa? Na dada wa Kibosho asante kwa kunirekebisha, miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa na neno la hofu nikidhani ni la ugonjwa. Nimelifuta nimeandika upya kwenye daftari.

Halafu kuna kitu nataka kuuliza, hao Wafini kwao kuna milima kweli mpaka wawe na neno la ugonjwa wake?

binti_Kibosho:

Milima ya maana hakuna kaka. Sehemu ya juu kabisa ya Ufini yote ni kwenye Halti, mita 1,324, mpakani na Norwe. Arusha mjini ni kama mita 1,400, kwaiyo mwalimu hapo Sakina kwenye kibaraza chake yuko juu kuliko Mfini yeyote aliyesimama mahali pa juu kuliko pote kwao. Na hata Halti hawaiiti vuori, wanaiita tunturi, kile kilima kipana cha kaskazini kisicho na miti juu, neno walilochukua kwa Wasami, wenyeji wa kaskazini huko, na ni ukoo mmoja na tundra mliyosoma kwenye jiografia. Wajerumani ugonjwa huu wanauita Höhenkrankheit, ugonjwa wa urefu wa kwenda juu. Mfini yeye kauita wa milimani, anaupata akisafiri.

mgumu_wa_Machame:

Jamani nashukuru wote. Niwaambie kwa nini nilikazania hili swali maana sikusema mwanzo.

Miaka minne iliyopita nilikuwa na kampuni nyingine, siitaji. Kuna mgumu mwenzetu, kijana mdogo wa miaka ishirini na moja, alikuwa amebeba mahema. Tulipofika kambi ya Karanga akaanza kukohoa. Tukamuuliza, akasema kichomi. Kila mtu akaridhika kwa sababu kichomi tunakijua, nyumbani mtu ana kichomi anapakwa dawa anakunywa chai ya tangawizi analala. Tukampa tangawizi. Oksimita ilikuwepo, lakini ilikuwa ya wageni, hakuna aliyefikiria kumuwekea mgumu. Saa nane usiku jirani yake wa kulala akaja kuniamsha anasema huyu dogo anakoroma vibaya na mate yake yana rangi ya pinki. Tulimbeba mgongoni, machela ilikuwa mbali. Alipona, yuko hai, anauza vipuri vya pikipiki sasa hivi hapa mjini. Lakini masaa yale kuanzia jioni mpaka saa nane yalipotea kwa sababu ya neno moja. Yeye alikuwa na neno kichomi, na sisi tulikuwa na neno kichomi, na hatukuwa na lingine.

Kwaiyo nilipomuona yule mama anakataa keuhkokuume na kusisitiza keuhkopöhö, maneno mawili yanayoanza sawa na yanatofautiana mkiani tu, nikaona kumbe wenzetu hilo neno la pili wanalo, tena limekaa jirani kabisa na la kwanza, huwezi kusema hili bila kukumbuka lile.

nesi_Majengo:

Kaka umenitoa machozi. Rangi ya pinki ni damu kidogo imechanganyika na yale maji na povu, hapo alikuwa amefika mbali sana. Mwambieni kila mgumu: kukosa pumzi ukiwa UMEKAA, hujabeba kitu, hicho si kichomi. Na oksimita iwekwe kwa wote, mgeni na mgumu, jioni moja, foleni moja.

mwl_mstaafu_Sakina:

Basi semeni "maji ya mapafu" mkiyaweka kando ya "homa ya mapafu". Yanatofautiana neno la kwanza tu, kama yale ya Kifini yanavyotofautiana la mwisho. Homa ya mapafu, maji ya mapafu. Mtu akisikia moja atauliza, ni lipi? Swali hilo ndilo unalolitaka liulizwe hemani.

Na kwa hofu ya kijana wa Kiborloni kuhusu watu kuacha kunywa maji, nesi ameshatupa maneno yake: ni maji ya damu yaliyovuja. Ongezeni hivyo mnapofundisha.

binti_Kibosho:

Hiyo ya mwalimu naipenda sana. Kaka wa Machame, nikuongezee mawili matatu ya kusikiliza ukiwa na Wafini tena, maana hawa watu hawalalamiki, mtu anaumwa anasema niko sawa, lakini wao kwa wao wanasemezana. Ukisikia päänsärky, pää ni kichwa na särky ni maumivu, limetoka kwenye särkeä ambalo ni kuuma na pia ni kuvunja, kichwa kinavunjika, hiyo ndo dalili ya kwanza ya mlima. Ukisikia pahoinvointi, pahoin ni vibaya na vointi ni hali, kujisikia vibaya, hapo anataka kutapika. Na wakitaja happi ni oksijeni, ni ukoo mmoja na hapan, kitu kichachu, kama ndimu.

Kutamka ö: sema "e" ndefu, usiusogeze ulimi, halafu zungusha midomo kama unasema "o". Mkazo kila neno silabi ya kwanza. PÖ-hö.

mgumu_wa_Machame:

PÖ-hö. Mke wangu anauliza naongea na nani.

Nimeyaandika yote kwenye karatasi nimeiweka kwenye kile kimfuko cha oksimita. Jumanne tunaingia geti la Machame na kundi lingine, wagumu thelathini na wawili, jioni ya kwanza kambini kabla ya chakula nitawapanga foleni kama nesi alivyosema na nitaanza na wa kubeba mahema. Dada wa Kibosho nikikwama na neno nitakuandikia hapahapa, mtandao kambi ya Shira unashika vizuri.